Takhmisa Iliyopwaya

Wapenzi wa tungo watanisamehe kwa kuwaondoa barazani na kuwapeleka bara, hadi Nangara, pembezoni mwa mji wa Babati, tena si ukumbini bali katika kibanda umiza. Huko niliketi mwaka 2015, juu ya benchi la mbao, nikisubiri mvua ipite. Watoto walikuwa wakitazama wale mashujaa wa rangi rangi waitwao Power Rangers. Nilibaki kwa sababu ya swali la mtoto mmoja, nami nitalifikia.

Asili yao ni Japani. Mwaka 1975 studio ya Toei ilitoa Himitsu Sentai Gorenger, kazi iliyobuniwa na mchoraji Shotaro Ishinomori: watu watano, rangi tano, adui mmoja. Ikaendelea kwa sehemu 84. Mwaka 1979 Battle Fever J ikaongeza jitu la chuma, na umbo likawa limekamilika. Basi umbo hilo lichukuliwe kama bahari ya ushairi. Mizani yajulikana, vina vyajulikana, na kibwagizo hurudi kila wiki jitu linapoinuka. Wanaoilaumu tamthilia hii kwa kujikariri hawajapata kulaumu shairi kwa kuwa na kibwagizo. Msimu mbovu una kasoro nyingine.

Kasoro ya kwanza ni mtunzi kukata tamaa katikati ya utungo. J.A.K.Q. Dengekitai ya mwaka 1977 ilianza kwa huzuni nzito: vijana wanne waliogeuzwa nusu mtu, nusu mtambo. Watazamaji walipopungua, akaletwa kiongozi mpya, mcheshi na hodari kuliko wote, na wale wanne wakawa wapambe katika hadithi yao wenyewe. Ikakoma kwenye sehemu ya 35. Mimi naiona sehemu ya mwanzo kuwa ni miongoni mwa kazi bora za ukoo huo, na ndiyo maana hasara yake inauma.

Kasoro ya pili ni ya Wamarekani. Mwaka 1993 walichukua mapigano ya Zyuranger, msimu wa Kijapani wa mwaka 1992, wakayatangulizia visa vya vijana wao. Sisi kazi hiyo tuna jina lake: takhmisa. Mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Sayyid Abdalla bin Nasir anatajwa kuufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna aliyemwita mwizi. Sharti ni moja tu, kwamba ile mitatu iijue miwili inayoifuata. Power Rangers in Space ya mwaka 1998 ilitimiza sharti hilo kwa namna yake, kwani kutokana na kisa cha Kijapani cha wanafunzi na kompyuta ilitunga safari ya angani yenye uchungu wake.

Super Megaforce ya mwaka 2014 haikulitimiza. Msingi wake ulikuwa Gokaiger ya mwaka 2011, sherehe ya vikosi 35, ambamo maharamia huvaa sare za waliowatangulia kwa kutumia funguo ndogo. Kila kikosi kilichorudi kilirudi na jambo la kuwafunza maharamia hao, na wahusika kadhaa wa kale waliigizwa na waigizaji walewale wa zamani. Mmarekani akaichukua merikebu na panga, akauacha uharamia. Vijana wakabaki na chombo wasichokuwa na sababu ya kukipanda. Watu wa pwani tunajua nahodha asiye na safari ni kichekesho. Vibaya zaidi, mara wakavaa sare za Changeman (1985), Flashman (1986) na Maskman (1987), vikosi ambavyo Power Rangers haikuwahi kuvisimulia, pasi na neno moja la maana la kuvieleza. Na mashujaa wa kale walipokuja kwenye vita vya mwisho, walivyosubiriwa kwa msimu mzima, walipewa dakika chache tu.

Ndipo mtoto wa Nangara akauliza, “Anko, hao ni akina nani? Mbona hatujawahi kuwaona?”

Mwenye kibanda alikuwa akitafsiri kwa mdomo, mtindo uliompa Lufufu wa Dar es Salaam jina lake. Takhmisa juu ya takhmisa. Alisita kidogo. Kisha akasema hao ni wajomba zao: walipigana zamani wakashindwa, na kabla ya kufa wakawaachia wapwa nguo zao ili deni lilipwe. Filamuni hapakuwa na lolote la namna hiyo. Watoto wakanyamaza kwa heshima, na kila sare ngeni ilipotokea, mmoja wao akanong’ona: mjomba mwingine.

Mvua ilikwisha katika nao nilikuwa bado nimeketi.