Mtego Usiotega: Kuhusu Istilahi za Kamera za Porini

Tumepata kusoma tafsiri ya mwongozo wa kamera zifungwazo mitini ili kuwapiga picha wanyama pasipo mtu kuwapo. Umekusudiwa askari wa wanyamapori na wanavijiji wanaopakana na misitu ya miombo ya Tabora, upande wa Mto Ugalla, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2019. Kiswahili chake ni fasaha. Hata hivyo, maneno mawili yanapotosha, nayo ndiyo yanayobeba kazi yote.

La kwanza ni "mtego wa kamera". Wazo lenyewe lina asili yake. Mjerumani C. G. Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku katika nchi yetu na kuzitoa katika kitabu huko Leipzig mwaka 1905, alitumia chambo na uzi: mnyama akivuta uzi, mwanga huwaka na picha hupigwa. Huo ulikuwa mtego kweli. Kamera ya leo haina uzi. Isitoshe, mtego wa panya hunasa panya. Mtego wa kamera, kwa sarufi yetu, utanasa nini? Na katika vijiji vya Unyamwezi mtego ni waya wa jangili, kitu ambacho mtu hufungwa kwacho. Mwanakijiji akielezwa kwamba serikali imeweka mitego njiani, ataelewa alivyoelewa.

Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, imetuachia mfano mzuri wa jinsi neno linavyoshika harufu ya matumizi yake. Hongo, hasa huko Ugogo, ilikuwa malipo ya wazi yaliyotolewa kwa watawala ili msafara upite, nayo ilijadiliwa mchana kweupe. Leo nani atathubutu kuandika "hongo" katika stakabadhi ya ushuru? Mtego nao hautakasiki kwa kuongezewa kamera. Twapendekeza "kamera ya lindo". Mkulima ashikaye lindo shambani huketi kimya akaona, wala hahitaji kunasa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mfasiri ametumia "kutambua" kwa vitendo vitatu vilivyo mbali. Kwanza kamera huhisi: kihisi chake hupokea miale ya joto, na hushtuka kitu chenye joto tofauti na la mandhari kinapopita mbele yake. Kwa hiyo majani yaliyopigwa na jua yakitikiswa na upepo huweza kukishtua. Na katika joto la Oktoba, ardhi ikikaribia joto la mwili, mnyama huweza kupita asihisiwe. (Ndiyo maana "kihisi mwendo" nalo halitoshi.) Pili, mtu au kompyuta hugundua kwamba ndani ya picha mna mnyama. Tatu, hutambua ni mnyama gani: pofu au nyati, fisi au chui.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Katika mradi wa Serengeti ulioanza mwaka 2010, wenye kamera 225, zilikusanywa picha milioni 3.2, na karibu robo tatu yake hazikuwa na mnyama yeyote. Umma wa watu waliojitolea ulizipitia moja moja, na kazi yao ndiyo iliyofundishia kompyuta, kama ilivyochapishwa mwaka 2018. Sasa mwongozo wetu unamwagiza askari ajaze fomu: "Kamera imetambua mara ngapi?" Atahesabu nini? Akihesabu kila mshtuko wa kihisi, ataandika nyasi katika hesabu ya wanyama, na ofisi itapanga doria kwa kufuata nyasi. Tuandike: kamera imehisi mara ngapi, wanyama wamegunduliwa katika picha ngapi, waliotambuliwa ni wepi.

Picha zisizo na mnyama mfasiri ameziita "picha tupu". Tunamwomba alifikirie tena neno hilo kabla mwongozo haujafika shuleni.