Njia ya Kutokea

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, unapata lita moja ya maji. Juu ya hesabu hiyo ndogo umesimama ufundi ninaouheshimu sana: kuwawekea wanyama wa porini maji mahali pasipo na mto wala chemchemi. Ufundi huo hutumika katika jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani, ambako mji wa Yuma hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka na Juni huweza kupita bila tone.

Mwaka 1943 Ben Glading wa California alichapisha maelezo ya birika la kware linalojijaza lenyewe. Halina pampu wala mlinzi. Unasakafia mteremko kwa zege, mvua inateleza juu yake hadi kwenye tangi lililofukiwa ardhini, na juu ya tangi unaweka paa ili jua lisiwahi kuyanywa maji kabla ya ndege. Kware anashuka kwa miguu hadi yalipo maji. Yakipungua, anashuka hatua nyingine. Sakafu ya mita za mraba 100 ikipata mvua moja ya milimita 25 imekinga lita 2,500. Kwa ndege anayeenea kwenye viganja viwili, hiyo ni bahari.

Mafundi wa Arizona na Nevada walijenga mabirika makubwa zaidi kwa ajili ya kondoo pori na kulungu. Kulungu wa huko si huyu wetu wa vichakani. Ana masikio marefu kama ya baghala, na dume huangusha pembe zake kila mwaka akaota nyingine.

Kumwingiza mnyama majini si kazi, kwa kuwa kiu yenyewe humwingiza. Kazi ni kumtoa. Tangi lenye kuta za wima huua kimya kimya: kindi, bundi na mjusi huinama kunywa, wakatumbukia, wakazunguka mpaka nguvu zikaisha, na mzoga mmoja ukaharibu maji ya wote. Ndiyo maana fundi mwema huikwaruza zege ingali mbichi ili kucha zipate pa kushika, na kwenye tangi refu huweka ngazi ya wavu. Ngazi hiyo lazima ibane ukuta. Mnyama anayezama huogelea akiambaa ukutani, na ngazi ikiacha mwanya ataipita kwa nyuma asiione. Popo naye hunywa akiruka, akigusa maji kwa mdomo tu. Waya uliokatiza juu ya birika humwangusha, naye kwa kawaida hawezi kupaa kutoka majini. Nikitazama birika, siulizi limegharimu kiasi gani. Natafuta ngazi.

Wengi wa wajenzi hao ni wawindaji. Tangu sheria ya mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi nchini mwao husaidia kugharimia hifadhi ya wanyamapori, na wapo wanaojitolea siku zao za mapumziko kubeba saruji na kupeleka maji kwa malori mvua inapokataa. Lakini aliyejenga birika anajua pia wapi pa kuvizia, na hapo ndipo utu wake hupimwa. Sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili ya maji, yaani kama mita 400, kwa namna inayowazuia wanyama kuyafikia. Tangu Januari 2022 jimbo hilo limepiga marufuku pia kutumia kamera za kutega kwa ajili ya uwindaji. Naziona sheria hizi kama ngazi nyingine ya wavu: maji yasiyo na njia ya kutokea ni mtego.

Wapo wanaosema jangwa liachwe lilivyo. Mwaka 2010, katika kesi waliyoifungua, mahakama ya rufaa iliamua kwamba idara ya serikali haikueleza vya kutosha ulazima wa matangi mawili iliyoyajenga katika hifadhi ya Kofa, huko huko Arizona. Swali lao ni la haki. Binadamu anapaswa kueleza kabla ya kuchimba.

Punda haulizwi. Wazee wake walitoka Afrika, na leo punda waliorudi porini huchimba visima katika mito mikavu ya Sonora, hadi mita mbili kwenda chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kulungu na viumbe wengine wengi wakinywa humo. Visima vyake vina mteremko, kwa sababu mchimbaji mwenyewe alihitaji kutoka.

Wewe mwenye birika la ng'ombe lenye kuta za wima, iwe Simanjiro au Kajiado, panga mawe kwenye kona moja leo, kuanzia chini hadi ukingoni, yabane ukuta.