Amri tatu hazitoshi: juu ya miongozo ya kupandisha seva

Leo nataka kukosoa aina moja ya maandishi tunayoyapenda sana: mwongozo mfupi wa kupandisha seva ya Linux toka toleo kubwa moja kwenda lingine. Debian 13, inayoitwa trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Miongozo yake mifupi inafanana: badilisha neno bookworm liwe trixie mu sources.list, piga apt update, piga apt full-upgrade, piga reboot. Amri tatu tu, bwana, imekwisha.

Amri zenyewe si za uongo. Shida ni mtu ambaye mwandishi anamfikiria. Anamwandikia mtu mwenye seva isiyo na data ya wengine, umeme usiokatika, na kiti mbele ya mashine yenyewe. Huku kwetu Kolwezi, hayo matatu yanakutana siku gani?

Sasa linganisha na maelezo rasmi ambayo Debian inatoa pamoja na kila toleo. Ni marefu, hayana mapambo, na batu wengi wanayaruka. Mimi nasema ni maandishi bora, juu ya jambo moja: yanazungumza kushindwa kabla ya kuzungumza kufanikiwa. Kabla ya kugusa kitu, yanakuambia uweke nakala ya /etc, ya /var/lib/dpkg, na orodha ya programu zilizomo. Yanakuambia uwajulishe watumiaji. Yanakukataza kuruka: kama uko ku 11, pita kwanza ku 12. Halafu kazi yenyewe yanaigawa mara mbili: apt upgrade --without-new-pkgs kwanza, ndipo apt full-upgrade, kwa sababu hiyo ya pili iko na ruhusa ya kufuta programu ili ipate njia. Mwongozo mfupi unaruka hatua ya kwanza, na msomaji hajui kama kuna kitu kimerukwa.

Kuna onyo moja humo ambalo lingetosha kunishawishi: majina ya kadi za mtandao yanaweza kubadilika kisha mashine ikiwashwa upya. Maana yake seva imepanda vizuri, lakini haionekani tena mu mtandao. Kama iko Kolwezi na wewe unaiongoza toka Lubumbashi, hiyo ni karibu kilomita 300 za barabara kwa ajili ya mstari mmoja mu faili moja. Njo maana lazima kuwe na mtu karibu na mashine, mwenye skrini na klavye, kabla hujaanza.

Mfano mwingine ni data. Debian 12 inakuja na PostgreSQL 15, Debian 13 inakuja na 17. Kupandisha mfumo hakuhamishi data yako toka 15 kwenda 17; hiyo ni kazi ya pembeni, inafanywa na pg_upgradecluster. Mwongozo mfupi unamaliza na apt autoremove, safisha vya zamani. Safisha nini, kama pointi za wanafunzi wa miaka mitano bado zinasomwa na hiyo ya zamani?

Hata maelezo rasmi hayawezi kujua kila kitu cha kwetu. Hayajui ondulea yako inashika dakika ngapi, wala bei ya mega. Hapo ni sisi wa kuongeza. Pakua kwanza vyote kwa apt full-upgrade --download-only, ili intaneti ikikatika katikati kazi isisimame. Fanya yote ndani ya tmux au screen, ili muunganisho ukifa, kazi iendelee. Umeme ukikatika wakati programu zinawekwa, ujue kwamba dpkg --configure -a mara nyingi inamalizia palipobaki. Sisi tunakaa jirani na barrage ya Nzilo. Kila mtu wa mtambo anajua kwamba hufungui turbini kabla ya kufunga maji. Mu seva tu njo tunajifanya hakuna maji.

Mtu ataniambia: basi afazali tusiguse. Iko inatembea, uiache. Hapa njo kiini cha ukosoaji wangu. CentOS 7 ilitoka 2014, na tarehe 30 Juni 2024 muda wake uliisha. Marekebisho ya usalama ya bure yalisimama siku hiyo. Seva iliyobaki hapo inatembea, ndiyo, lakini kila tundu linalogunduliwa linabaki wazi. Na ule woga wa kugusa, umetoka wapi? Kwa maoni yangu umetoka mu mwongozo mfupi wenyewe. Kijana anafuata amri tatu, seva haiamki, mishahara inachelewa siku mbili, na ofisi nzima inajifunza somo moja: usiguse tena. Ujasiri bila njia ya kurudi unazaa woga wa miaka kumi.

Kwa hiyo mimi napima kila mwongozo kwa swali moja: ikiharibika, narudi namna gani? Kama hauna jibu, si mwongozo, ni tangazo. Na jibu si kusema "nina nakala". Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Chukua kompyuta yoyote ya zamani, rudisha ile nakala humo, pandisha humo kwanza, hesabu saa ngapi imechukua, ndipo uende kwa mkubwa kuomba usiku mmoja wa kazi ukiwa na namba mkononi.

Wengi wetu humu tutapewa seva ambayo hatukuiweka sisi. Atakayeandika mwongozo kwa Kiswahili chetu, aandike sura ya kurudi kwanza. Amri tatu zifuate nyuma.