Brutus na Mwalimu wa Pugu

Kwa desturi hudhaniwa kwamba mawazo hayana hatia. Mkono huiba na ulimi hutukana, lakini moyo, maadamu umenyamaza, huhesabiwa kuwa huru. Nataka kuonyesha kwamba dhana hii ina kosa, na shahidi wangu ni kitabu kilichotoka mkononi mwa mtu aliyepata kufundisha Pugu.

Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis, kwenye vilima vya Pugu, mpaka Machi 1955 alipoacha kazi hiyo ili aitumikie TANU. Miaka minane baadaye, yaani 1963, ilichapwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, kisha akaitengeneza upya na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Imesifiwa sana kwa kuthibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikira nzito. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imetufanya tuutazame ubebaji na kuusahau mzigo.

Mzigo wenyewe ni wazo la Brutus, usiku, bustanini mwake. Hana kisasi na Caesar. Akiri kwamba hajapata kumwona akitawaliwa na tamaa kuliko akili. Hata hivyo akata shauri kwamba mtu huyu afe, kwa kuwa akivikwa taji huenda akabadilika. Amfananisha na yai la nyoka, livunjwalo kabla ya kuanguliwa. Wengi humhurumia kama mtu mwema aliyedanganywa na Cassius. Mimi naona kwamba kosa lake lilianza pale alipoiruhusu "huenda" iketi mahali pa ushahidi. Portia, mkewe, ampigia magoti ashirikishwe siri, lakini shauri limekwisha kukatwa. Mkono uliua baadaye, moyo ulitangulia.

Wala wazo hilo halikubaki bustanini. Baada ya mazishi, watu wenye ghadhabu wamkamata njiani mshairi Cinna, wakamwua kwa sababu jina lake ni sawa na la mmoja wa wala njama. Hoja yao ni ile ile ya Brutus, ila imevuliwa joho. Aliye mkubwa akiwaza bila ya ushahidi, walio wadogo hutenda bila ya kuwaza.

Tafsiri hii haikuzaliwa katika nchi isiyojua jaribu hilo. Mwaka 1962 Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani, na mfasiri mwenyewe, alipokuwa Rais, akawa na mamlaka hayo mkononi. Sisemi kwamba kizuizi ni kisu: aliyefungwa huweza kufunguliwa, aliyeuawa hafufuki. Wala hofu za serikali changa hazikuwa ndoto tupu. Januari 1964 askari waliasi. Lakini sheria hiyo nayo iliruhusu mtu azuiwe kwa ajili ya jambo aliloogopwa kulitenda. Basi mfasiri alitupa kipimo ambacho yeye naye hupimwa kwacho. Hilo si aibu ya kitabu, bali ni nguvu yake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kipimo hiki ni cha watawala peke yao. Niliwahi kusahihisha karatasi mbili za mtihani zenye kosa moja la ajabu. Moyoni nilikwisha kumwita mwanafunzi mmoja mwizi kabla sijamwita ofisini. Hakuna aliyenisikia. Lakini alipoingia, sikumwuliza swali, nilimsomea hukumu. Aliposimama kimya kitambo, alifungua daftari lake akanionyesha. Kosa lile walilinakili ubaoni, na aliyeliandika ubaoni nilikuwa mimi.