Mnada Uliosimamishwa

Mwaka 2021 nyumba ya mnada ya Sotheby's ilitangaza kuuza maktaba ya Honresfield, iliyokusanywa karne ya 19 na ndugu wawili wenye viwanda karibu na Rochdale, Uingereza: Alfred na William Law. Kwa zaidi ya miaka 80 ilikuwa haionekani hadharani. Humo mlikuwa na daftari la mashairi 31 ya Emily Brontë kwa mwandiko wake, na juu ya mistari yake alama za penseli za dada yake Charlotte. Nakala iliyochapwa haiwezi kukuonyesha dada akisahihisha kazi ya dada. Mlikuwa pia na mswada wa riwaya ya Rob Roy ya Walter Scott, na barua za Jane Austen.

Awamu ya kwanza ya mnada ilipangwa kufanyika Julai. Mnadani nyundo ikigonga, fedha ziwe tayari. Lakini maktaba za umma hutegemea mifuko ya hisani, nayo huamua kwa vikao, na vikao huchukua miezi. Tena, maktaba zingeingia mnadani kila moja kivyake, zingepandishiana bei zenyewe kwa zenyewe kabla hata tajiri wa nje hajanyoosha mkono.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichotafutwa ni muda. Chama cha Friends of the National Libraries, kilichoanzishwa mwaka 1931, kiliomba mnada uahirishwe, kikakubaliwa. Naona hiyo ndiyo hatua iliyoamua yote. Kisha kikasimama kuwa mnunuzi mmoja kwa niaba ya maktaba na makumbusho kadhaa, mkusanyo ununuliwe mzima, kwa bei moja.

Fedha zilifuata. Tajiri Leonard Blavatnik alitoa nusu ya bei, na mkusanyo ukaongezewa jina lake, malipo ambayo mimi nayaona ya haki kabisa. Mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi ulitoa pauni milioni 4. Zilizobaki zilitoka kwa wakfu mbalimbali na watu binafsi. Ndani ya miezi mitano zilipatikana zaidi ya pauni milioni 15.

Chama hakikubaki na chochote. Kiligawa: kazi za Scott na za mshairi Robert Burns zikaenda Uskoti, na makumbusho ya akina Brontë pale Haworth, kijiji walikokulia, yakapata fungu lake. Kutoka nyumba ya akina Law hadi Haworth hazifiki maili 20.