Ustadi wa Muuza Vitabu

Katika kazi za sokoni zistahilizo kusifiwa, ni chache zilizonyimwa haki yake kama kazi ya muuza vitabu. Watu humhesabu kuwa mchuuzi wa karatasi na kalamu, akaaye nyuma ya meza kungoja msimu wa shule. Kumbe yeye, akiwa ni bingwa wa shughuli yake, ndiye ambaye mikononi mwake kitabu kipya hupata, au hukosa kabisa, msomaji wake wa kwanza.

Mwezi wa Januari haumpimi. Siku hizo maduka ya Dar es Salaam na Mombasa hujaa wazazi wenye orodha za vitabu vya kiada, na orodha haina haja ya nasaha. Hupimwa baadaye, zahama ikipoa, aingiapo mtu asiyejua atakacho, akawa apita rafuni akishika hiki na kukirudisha kile. Muuzaji stadi hamkimbilii. Humwacha azunguke, akaangalia mkono wake unakawia wapi. Kisha, kwa taadhima, humwuliza si kitabu gani akitakacho, maana swali hilo humtahayarisha asiyekuwa na jawabu, bali ni kitabu gani alichokisoma zamani kikamnyima usingizi.

Nilimshuhudia mmoja, Dar es Salaam, akimhudumia mzee aliyesema kwamba riwaya alikwisha kuziaga tangu ujana wake, alipovimaliza vitabu vya Shaaban Robert.

“Shikamoo mzee. Utotoni ulipata kusimuliwa habari za misafara ya bara?”

“Marahaba mwanangu. Babu yangu alikuwa mpagazi.”

Hapo yule kijana akamletea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, akamweleza haya tu: kwamba yumo mtoto aitwaye Yusuf, ambaye baba yake amezama katika deni, akachukuliwa na tajiri aliyemdhani kuwa ni jamaa yake, hata akafuatana na msafara kwenda bara. Hakuanza na Tuzo ya Nobel aliyoipata mwandishi mwaka 2021. Hiyo aliitaja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. Nami niliona ni busara kubwa, kwa kuwa riwaya hiyo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kukawia miaka 28 kuingia katika lugha ya pwani inayoisimulia, yafaa ipokewe kwanza kwa kuwa ni habari za nyumbani, ndipo ipokewe kwa fahari yake duniani.

Kwa watoto kazi ni nzito zaidi, kwa sababu anunuaye siye asomaye. Mzazi huomba kitabu chenye mafunzo. Mtoto ataka hadithi, basi. Muuzaji mwema huinama hadi macho yake yalingane na ya mtoto, akamfungulia ukurasa wa katikati, akamwomba asome kwa sauti. Maneno yakimkwama mengi, hukitwaa kwa upole na kumpa kingine, bila ya kutaja darasa wala umri. Namjua apendaye kufungua Mwana Mdogo wa Mfalme, hadithi ya Antoine de Saint-Exupéry ya mwaka 1943 iliyotiwa katika Kiswahili, akafunika kwa kiganja mchoro wa pili na kuuliza ule wa kwanza ni wa nini. Mama husema kofia. Mtoto hunyamaza, akaukodolea macho. Na kiganja kinapoondoka, ndovu akaonekana tumboni mwa chatu, hapana tena haja ya kumshawishi mtu.

Haya hayamkiniki kwa asiyesoma. Tangu ilipoasisiwa mwaka 2014 Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, miswada imekuwa ikigeuka riwaya na diwani za waandishi ambao majina yao pengine hayamwambii mteja lolote. Muuzaji hana budi kukesha nazo nyumbani, saa ambazo hakuna amlipaye, ili apate pia ujasiri wa kusema, “Hiki hakikufai, dada,” na kuridhia hasara ya siku hiyo.

Kwa hiyo nawasihi wachapishaji wetu wampelekee nakala moja ya bure, majuma kadhaa kabla ya uzinduzi, wala wasiione kuwa ni sadaka. Wageni wa heshima huketi na kitabu kwa alasiri moja. Huyu atasimama nacho mbele ya wasomaji kwa miaka, na haifai akione kwa mara ya kwanza siku anapofungua boksi, bei imekwisha kupangwa na mteja yuko mlangoni.