Mfungaji Bora Amewafunga Nani? Uhakiki wa Istilahi za Takwimu za Kandanda

Katika safari zetu za kukusanya msamiati wa wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, tulipata kuketi jioni kadhaa penye kahawa katika kata ya Kalangalala, mjini Geita. Kazi iliyotupeleka huko ilihusu mbale, maduara na makarasha. Walakini kila tulipokusudia kuuliza jambo la mwamba, wenyeji wetu walikuwa tayari wameingia katika kandanda, na daftari letu likajaa maneno ambayo hatukuyaendea.

Hoja iliyokuwa ikirudi kila jioni ni ya msimu wa 2021/22. Msimu huo klabu ya mji huo, Geita Gold, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu mwaka 2021, ilimaliza katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake, George Mpole, akafunga mabao 17. Fiston Mayele wa Yanga alifunga 16. Kijana mmoja akasema kuwa hesabu imekwisha: kumi na saba ni zaidi ya kumi na sita. Mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, hakukubali. "Ukija kwangu ukaniambia umepata gramu kumi na saba," alisema, "nitakuuliza umezipata katika viroba vingapi, na vya mbale ya duara gani." Kijana akajibu, "Mzee wangu, gramu ni gramu." Wote wakacheka, na ubishi ukaendelea hadi usiku.

Sisi tuliondoka na swali la mzee. Tulipolitafutia majibu katika majedwali ya wafungaji yanayochapishwa magazetini, tuliona kwamba kasoro haiko katika tarakimu peke yake. Imo pia katika maneno yanayozibeba. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo machache, kwani wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia kila siku nje ya uwanja.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kufunga ni kutia mpira golini, na kufunga ni kushinda. Tunaposema "Simba imeifunga Yanga", hakuna asiyejua kwamba Simba imeshinda. Lakini tunaposema kwamba mchezaji fulani ameifunga Yanga, maana hugawanyika: je, alitia bao tu, au timu yake ilishinda? Mfano halisi tunao. Tarehe 4 Juni 2022, huko Cotonou, Mpole huyo huyo aliifungia Taifa Stars bao katika mechi ya kufuzu michuano ya Mataifa ya Afrika dhidi ya Niger. Mechi hiyo iliisha kwa sare ya 1–1. Mtu atakayeandika kwamba "Mpole aliifunga Niger" hatakuwa amesema uongo, lakini msomaji ambaye hakuisikiliza mechi ataamini kuwa Tanzania ilishinda. Kosa la namna hii si dogo katika jedwali linalotaka kuonyesha jinsi mchezaji anavyofanya mbele ya kila mpinzani, maana jedwali zima limejengwa juu ya kitenzi hicho.

Wapo watakaosema kwamba mnyambuliko umekwisha tuondolea taabu hii, yaani tuna kuifungia timu yako na kuifunga timu ya mwenzako. Ni kweli kwa kiasi. Ila kufungia nako kuna mzigo wake: shirikisho humfungia mchezaji mechi tatu, na hapo hakuna bao lolote. Tumewahi kuona kichwa cha habari chenye maneno "afungiwa mitatu", na kwa dakika nzima hatukujua kama aliyetajwa ni kipa aliyetobolewa mara tatu au ni beki aliyeadhibiwa. Pendekezo letu ni jepesi. Katika takwimu, mchezaji afunge dhidi ya timu, na timu ndiyo iifunge timu. Na anayeadhibiwa asimamishwe. Hatudhani kuwa watangazaji watatutii, wala hatuwaombi, kwani lugha ya redio ina haraka na utamu wake, na tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam imetupatia misemo mingi kuliko kamati yoyote ya istilahi. Jedwali, hata hivyo, halina haraka.

Neno la pili ni gumu zaidi, nalo ni "bora". Mwenye mabao mengi kuliko wenzake huitwa mfungaji bora. Lakini ubora ni hukumu, na wingi ni hesabu. Anayehesabu hahitaji busara yoyote zaidi ya kujua kujumlisha, ilhali anayehukumu ubora hana budi kupima hali, mahali na mpinzani. Tukiviita vitu viwili kwa jina moja, aliye nacho kimoja atadhaniwa kuwa nacho cha pili pia, na atakayelipinga jina ataonekana anaipinga hesabu. Ndivyo yalivyowapata wale wawili wa Kalangalala. Kijana alikuwa akiitetea hesabu, mzee alikuwa akiuliza habari za ubora, na kila mmoja akamwona mwenzake mkaidi.

Mchezo wa besiboli, ambao kwetu ni mgeni lakini huko Marekani umehesabiwa kwa zaidi ya miaka mia, waweza kutufaa hapa. Katika mchezo huo mpigaji husimama na gongo mbele ya mrushaji wa timu pinzani, na kila zamu yake huandikwa. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alipiga vema mara 185 katika zamu 456 zilizohesabiwa, yaani wastani wa 0.406, na ndiye aliyekuwa kinara wa wapigaji katika ligi yake. Hata hivyo tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote, ambayo hutolewa kwa kura za waandishi wa michezo, ilikwenda kwa Joe DiMaggio wa New York, aliyekuwa na wastani wa 0.357 lakini alikuwa amepiga vema katika mechi 56 mfululizo, na timu yake ndiyo iliyochukua ubingwa. Wapo hadi leo wanaosema kuwa kura zile zilikosea. Lakini hakuna anayesema kwamba hesabu ilikosea, kwa kuwa hesabu ilikuwa na jina lake na kura zilikuwa na jina lake.

Kwa sababu hiyo twapendekeza "kinara wa mabao" kwa yule aliyehesabiwa, na "bora" ibaki kwa yule aliyechaguliwa. Neno kinara limekwisha zoeleka kwa anayeongoza, na halitahitaji kufundishwa. Walimu watakumbuka kuwa mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Hatukusudii kuingia katika mjadala huo, ila twaona kuwa neno lililokuwa likiuma pale ni hili hili.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe la mzee: amewafunga nani? Jibu ambalo vijiwe vingi hulitoa ni la dharau, kwamba mfungaji wa timu ndogo "hufunga vibonde", na kwamba mfungaji wa timu kubwa amepimwa na wakubwa wenzake. Tuliitazama ratiba, na ikatuonyesha jambo ambalo lugha ya kijiweni hulificha. Ligi ya 2021/22 ilikuwa na timu 16, hivyo kila timu ilicheza mechi 30, mbili mbili na kila mmoja wa wapinzani 15. Wapinzani wa Mpole na wa Mayele walikuwa wale wale 14, isipokuwa mmoja. Mpole alikuwa na Yanga katika orodha yake, na Yanga msimu ule ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mayele hakuwa na Yanga katika orodha yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa Yanga. Mahali pake alikuwa na Geita. Yaani mshambuliaji wa timu bingwa ndiye mtu pekee katika ligi, pamoja na wenzake wa klabu hiyo, asiyelazimika kuwakabili mabeki wa bingwa. Hatusemi kwamba jambo hili linamfanya Mpole awe bora kuliko Mayele. Twasema kwamba hoja ya vibonde, ikitamkwa bila jedwali la wapinzani, inaweza kugeuka kinyume na yule anayeitamka.

Jedwali hilo lingeonyesha pia mambo ambayo jumla huyameza. Msimu uliofuata, 2022/23, Mayele alifikisha mabao 17, na Saido Ntibazonkiza akafikisha 17 vilevile, wakagawana tuzo. Saido alianza msimu akiwa Geita Gold, kisha mwezi Desemba 2022 akahamia Simba, na hivyo akabadili orodha yake ya wapinzani katikati ya safari. Akiwa Simba alifunga matatu katika mechi moja dhidi ya Prisons, iliyoisha 7–1, na mwezi Juni 2023 akafunga matano katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania, timu iliyoshuka daraja msimu huo huo. Manane kati ya 17 yalipatikana katika mechi mbili. Je, ni aibu? Hata kidogo, mabeki wa Polisi walikuwa pale kwa kila mshambuliaji, na si kila mshambuliaji aliyewatoboa mara tano. Lakini ni habari, na habari hiyo haimo katika tarakimu 17.

Wakazi wa Geita wanajua vizuri kuliko wengi jinsi jumla isiyo na mpinzani inavyoweza kudanganya. Mwezi Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi lao katika Ligi Daraja la Kwanza, Geita ilishinda 8–0 dhidi ya JKT Kanembwa, na siku hiyo hiyo Polisi Tabora, waliokuwa wakiwania nafasi ile ile, wakashinda 7–0 dhidi ya JKT Oljoro. Shirikisho likaamua kuwa matokeo yalipangwa, timu zikashushwa daraja, na Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Katika safu ya "tofauti ya mabao" nane zile zilikuwa nane halali kama nyingine zozote mpaka mtu alipouliza zilifungwa dhidi ya nani.

Lakini hapa hatuna budi kuwa waangalifu, na besiboli yatufaa tena, safari hii kwa kutuonya. Katika ligi ya Williams zilikuwamo timu nane, hivyo alikuwa na wapinzani saba, na ratiba ilimkutanisha na kila mmoja mara 22, zamu kadhaa kila mara. Ukisema kwamba mpigaji fulani alikuwa mwiba kwa timu fulani, una kitu cha kusimamia. Stan Musial wa St. Louis alipata jina lake la utani kutoka kwa mashabiki wa Brooklyn, waliochoka kumwona akiwaumiza nyumbani kwao. Sisi tuna mechi mbili kwa mwaka, dakika 180. Mshambuliaji aliyefunga mara moja dhidi ya Simba katika dakika hizo huitwa "mbabe wa Simba" kesho yake asubuhi, na aliyekosa huitwa mwoga. Dakika 180 haziwezi kubeba mojawapo ya majina hayo. Kwa hiyo tungependelea wapinzani wasipangwe mmoja mmoja bali kwa mafungu, kwa kufuata nafasi zao za mwisho katika msimamo: tano za juu, sita za kati, tano za chini. Nyumbani na ugenini pia vitengwe, ingawa neno "nyumbani" nalo lahitaji maelezo, maana Geita Gold ilicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani CCM Kirumba, Mwanza.

Jedwali la namna hii tuliitaje? Tukiri kosa letu. Katika rasimu ya kwanza tuliandika "mtawanyiko wa kiukinzani". Tulilisoma neno hilo kwa sauti pale penye kahawa Kalangalala, na mzee wetu akauliza kwa upole kama ni ugonjwa wa mihogo. Tumelifuta. Katika rasimu ya sasa tumeandika "mgawanyo kwa mpinzani", na kwa lile swali la viroba, yaani wingi wa mabao ukilinganishwa na muda aliocheza, "bao kwa dakika", kama wachimbaji wakubwa wasemavyo gramu kwa tani. "Wastani" tumeliacha kwa maana yake ya darasani, na tumewaomba wahariri wasilitumie "kiwango" mahali pake, kwani neno hilo limekwisha beba mambo mengi mno.

Limebaki moja ambalo hatujapatana. Baadhi ya wenzetu wangependa fungu la mwisho liitwe "vibonde", kwa hoja kwamba ndilo neno la watu, na kwamba tumekuwa tukihubiri siku zote kuwa istilahi itoke kwa watu. Sisi twalikataa. Kibonde ni neno la mshindi, na jedwali husomwa na wachezaji wa pande zote. "Timu tano za chini" litatosha. Wenye maoni tofauti watuandikie kabla rasimu haijapelekwa kwenye kamati.